Kichwa bado kiko juu

Nesi alinibonyeza chini ya mbavu, akabonyeza juu ya kinena, akarudi tena juu kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. Kisha akasema, "Mtoto amekaa vibaya huyu," akaandika kitu kwenye kadi, akaniambia nirudi baada ya wiki nne. Na hapohapo akaita, "Mwingine!"

Nilikuwa na mimba ya wiki 30, ya kwanza, Mei 2021. Kituo chenyewe sikitaji, maana sina ugomvi nacho. Nje palikuwa na akina mama wamejaa mabenchi mpaka chini ya mwembe, na yule nesi alikuwa peke yake tangu asubuhi. Lakini nilitoka pale na maneno mawili tu, "amekaa vibaya," na maneno mawili ukiyabeba peke yako njia nzima yanazaa mengine. Amekaa vibaya vipi? Atakufa? Nitapasuliwa? Ana kilema? Niliangalia kadi, mwandiko haukusomeka. Mimi ni mwalimu, nasoma miandiko ya watoto wa darasa la pili kila siku, na ule ulinishinda. Maana yake ilikuwa kichwa kiko juu na matako chini, lakini hilo sikuambiwa.

Sikuuliza. Hapo ndipo ninapojilaumu hadi leo. Nimezoea kuwaambia wanafunzi wangu wanyooshe kidole wasipoelewa, na mimi mwenyewe nikashuka kitandani, nikafunga kanga, nikasema asante dada, nikaondoka.

Niseme tulikokuwa tunaishi, maana kisa chote kimesimama hapo. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepangiwa shule ya kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Kigoma, upande wa kuelekea mpaka wa Burundi. Barabara haifiki. Milima inashuka moja kwa moja hadi majini, nyumba zimeng'ang'ania mteremko, na ukitaka kwenda mjini unasubiri boti. Ni boti za mbao, ndefu, injini nyuma, zinazopakia watu, magunia ya muhogo, madumu ya mawese, kuku na godoro la mtu anayehama, zikashushe Kibirizi, gati la mjini. Ziwa likiwa tulivu ni safari ya saa chache na unaweza hata kusinzia. Kiangazi upepo wa kusini ukishika, boti inapanda wimbi na kushuka kwa kishindo mpaka meno yanagongana, na siku nyingine haiondoki kabisa.

Kule hata mimba tuliihesabu kwa mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa wanapumzika, nyavu zinatundikwa na ziwa linabaki tupu. Jirani yangu, mama wa watoto sita, aliniangalia tumbo akasema, "Mwalimu, wewe mbalamwezi ya tatu kuanzia hii." Kadi ilisema tarehe 27 Julai. Yeye na kadi walipishana siku tatu tu.

Niliporudi nikamweleza mume wangu, naye akamweleza mama yake. Mama mkwe alikuwa ameshatufikia kutoka Kasulu na gunia la maharage, tayari kusubiri mjukuu. Alinisikiliza, akanyamaza, kisha akauliza, "Unakaa mlangoni?"

Nilikuwa nakaa mlangoni. Ndipo penye mwanga, na ndipo nilipokuwa nasahihishia madaftari jioni. Akatikisa kichwa. Mjamzito akikaa mlangoni, mtoto naye anaziba njia. Kuanzia siku ile kigoda changu kikahamishiwa uani, na madaftari nikawa nasahihisha kwa taa ya simu huku nikipigana na mbu. Sikubishana. Kubishana na mama mkwe kuhusu mlango, kwenye nyumba ambayo yeye ndiye anapika, ni kazi isiyo na faida.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Kijijini palikuwa na bibi mmoja anayesifika kwa kunyoosha watoto tumboni. Watu wanakwambia fulani alikandwa na bibi, mtoto akageuka usiku uleule. Nilikwenda mara mbili. Ninaandika hili nikijua wapo watakaonicheka, lakini sijaona mwanamke mwenye hofu akakataa mkono wowote ulionyooshwa.

Mara ya kwanza ilikuwa raha tupu. Bibi alipasha mawese kwenye kikaango kidogo, akayajaribu mgongoni mwa kiganja kama mtu anayepima maziwa ya mtoto, akanipaka tumbo lote. Chumba kikanuka kama jikoni siku ya migebuka. Mikono yake ilikuwa migumu na ya joto, ikapita taratibu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi nikalala usingizi.

Mara ya pili hakupapasa. Aliweka sehemu ya chini ya kiganja juu, chini ya mbavu, penye lile donge gumu, akasukuma. Alisukuma kwa uzito wake wote. Nikasikia kitu kama kamba inayokazwa kutoka ubavuni hadi kwenye nyonga, pumzi ikakatika. "Vumilia, anakuja," akasema. Hakuja. Nilimshika mkono nikamwomba aache, akaacha, akanung'unika kwamba walimu hawana uvumilivu.

Kuanzia saa tisa alasiri hadi karibu saa tatu usiku mtoto hakucheza. Mtoto ambaye kila nikinywa chai anarusha teke, kimya. Nililalia ubavu wa kushoto nikahesabu mabati ya dari, nikayarudia, na sikumwambia mtu yeyote nyumbani, kwa sababu mume wangu hakujua kama nimekwenda. Saa tatu kasorobo akapiga teke moja, dogo, chini karibu na kibofu. Nililia kwa kanga mdomoni ili mama mkwe asisikie.

Nilitakiwa kukimbilia zahanati mchana uleule. Mtoto akipunguza kucheza ghafla, au akinyamaza, hakuna kusubiri kesho. Unakwenda akasikilizwe mapigo. Na baada ya tumbo kusukumwa kwa nguvu ndiyo zaidi, kwa sababu kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya wakati, damu ikavujia ndani, na wewe nje ukaonekana mzima. Hayo nilielezwa baadaye, na nilipoelezwa mikono iliingia baridi.

Basi kwa bibi sikurudi. Nikahamia kwenye mazoezi. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo alinitumia video: unapiga magoti, unalaza kifua kwenye mto, matako juu, dakika 15, mara kadhaa kwa siku. Wengine wanaweka muziki chini ya tumbo mtoto aufuate, wengine wanamulika tochi. Mimi nilifanya vyote kwa pamoja. Jioni moja mume wangu akafungua mlango akanikuta nimeinama hivyo, simu inaimba kwaya katikati ya mapaja na tochi imewashwa. Alisimama. Akafunga mlango. Baadaye kwenye chakula akaniuliza kwa upole kama ninahitaji kuongea na mchungaji.

Tulicheka mpaka mama mkwe akaja kuuliza kuna nini. Na kilikuwa kicheko chetu cha kwanza tangu ile siku ya kliniki.

Wiki ya 34 nikapanda boti kwenda mjini kupigwa altrasaundi. Mume wangu alisimamia kwamba safari hii tunauliza, na akaniandikia maswali kwenye karatasi ya daftari la hesabu, mistari ya miraba, kwa namba. Daktari alikuwa kijana, ana haraka kama wote, lakini alipoiona ile karatasi akavuta kiti.

Kwanza akanionyesha kwa mkono wangu mwenyewe. Alichukua vidole vyangu akaviweka chini ya mbavu za kulia. "Hiki kigumu, cha mviringo, ukikisukuma kidogo kinacheza peke yake, ni kichwa. Sasa huku chini. Hapa ni laini, na ukisukuma unakwenda mwili mzima. Ni matako." Akachukua ile pembe ya kusikilizia mapigo, akaiweka juu ya kitovu changu, si chini. Mapigo yalikuwa pale. Kwa mtoto aliyetanguliza kichwa, akasema, mara nyingi tungeyatafuta chini ya kitovu. Kwenye kioo nikamwona: miguu imenyooshwa juu, vidole karibu na paji la uso, amejikunja kama kisu cha kukunja. Wakaao hivyo ndio wengi kati ya wanaotanguliza matako. Wapo wanaokunja magoti kama waliochuchumaa, na wapo wanaotanguliza mguu, na hao wa mguu ndio wanaotisha zaidi.

Swali la kwanza kwenye karatasi lilikuwa: nimekosea wapi? Akacheka, si kwa dharau. Wiki ya 28, alisema, karibu mtoto mmoja kati ya wanne au watano bado kichwa kiko juu, kwa sababu nafasi ipo na anaogelea. Wengi wanageuka wenyewe. Inapofika wakati wa kuzaliwa wanabaki watatu au wanne katika 100. Wakati mwingine sababu inaonekana: uvimbe kwenye kizazi, umbo la kizazi lenyewe, maji ya uzazi kuwa mengi mno au machache, kondo kukaa chini, mapacha. Mara nyingi haionekani. Mlango hakuutaja. Nilimuuliza kuhusu kupiga magoti, akasema haijathibitika kwamba kunageuza mtoto, lakini kama hakuniumizi, basi, ila muziki nipunguze sauti. Nilimuuliza kuhusu kukandwa. Hapo akaacha kucheka, ndipo akanieleza ile habari ya kondo kubanduka.

Kugeuza mtoto kwa nje kupo, akasema, hata hospitali wanafanya, na kwa mbali kunafanana na kazi ya bibi. Tofauti ni mazingira. Wanafanya kuanzia wiki ya 36 au 37, baada ya altrasaundi, mapigo ya mtoto yakisikilizwa kabla na baada, na chumba cha upasuaji kiko tayari likitokea la kutokea. Na hata hivyo wanafanikiwa karibu nusu tu ya wanaojaribiwa, mimba ya kwanza chini ya hapo. "Bibi yako alikuwa na chumba cha upasuaji?" akaniuliza. Nikatazama sakafu.

Halafu akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yetu. "Unaishi wapi?"

Nikamtajia kijiji. Aliweka kalamu mezani.

"Mnakuja kwa boti?"

"Kwa boti, daktari."

"Usiku zipo?"

"Usiku ni za wavuvi. Na mwezi wa saba kuna upepo."

Akasema, "Mwalimu, mimi matako ya mtoto hayanitishi kama hiyo boti."

Akaeleza. Kichwa kikitangulia kinaziba njia kama kizibo cha chupa. Matako hayazibi vizuri, mguu ndiyo kabisa, kwa hiyo chupa ya maji ya uzazi ikipasuka kamba ya kitovu cha mtoto inaweza kuchomoka ikatangulia, ikabanwa, mtoto akakosa hewa kwa dakika chache. Hatari nyingine ni kichwa, ambacho ndicho kikubwa, kubaki mwisho na kunasa mwili ukiwa umeshatoka. Wako wanaozaa salama kwa njia ya kawaida mtoto akiwa matako, kama mhudumu ni mzoefu na upasuaji uko karibu. Lakini vyote hivyo, kugeuzwa, kuzaa kawaida, kupasuliwa, vina sharti moja: uwepo. "Ageuke asigeuke, wiki ya 36 nataka uwe umelala mahali ambapo ukipiga kelele usiku unafika hapa kabla chai haijapoa."

Wiki nne nzima nilikuwa nahangaika kumgeuza mtoto, na hakuna hata siku moja niliyofikiria kujihamisha mwenyewe.

Kuhama kwenyewe kulikuwa na vita vyake. Mama mkwe aliona natoroka. Amekuja toka Kasulu kumlea mzazi, na mzazi anakwenda kulelewa kwingine. Majirani walisema mwalimu anaringa, wao wote wamezaa palepale zahanati. Ni kweli, na wakunga wa ile zahanati nawaheshimu. Lakini mama aliyenihesabia mbalamwezi alinifuata bombani jioni, akaniambia polepole kwamba watoto wake walikuwa saba. Mmoja alitanguliza mguu, usiku, na ziwa lilikuwa limechafuka. Hakuongeza kitu. Alijitwika ndoo yake akapanda mlima.

Likizo ya uzazi ni siku 84, nikaianza mapema kuliko nilivyopanga, nikijua nitarudi shule mtoto akiwa mdogo zaidi. Hiyo ndiyo bei, nikalipa. Mwishoni mwa Juni nikashuka Kibirizi na begi, beseni na mama mkwe, ambaye alikuwa ameamua kwamba kama kutoroka ni kutoroka, basi tutatoroka wote.

Tulifikia Ujiji kwa shangazi yangu, chumba cha nyuma chenye magunia ya mchele. Shangazi alifanya usafi wodini hospitali ya mkoa, Maweni, enzi za ujana wake, na ana hadithi moja anayoipenda kuliko zote, ya Dk. Godfrey Mbaruku, daktari wa pale enzi hizo. Anasema zamani akina mama walikuwa wanakufa na watu wanaona ni ada. Kisha wakaanza kukaa na kuuliza kila kifo: huyu amekufa kwa nini, damu ilikosekana wapi, nani hakuitwa? Nilidhani ni chumvi za shangazi, mpaka nilipokuja kujua kwamba kazi ile iliandikwa 1995, Mbaruku na mwenzake Staffan Bergström: kati ya 1984 na 1991, vifo vya uzazi katika hospitali ile vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Shangazi hizo namba hazijui. Yeye anachokumbuka ni taa ya chumba cha upasuaji kuwaka usiku.

Tulijipanga kama timu ya mpira. Mume wangu na mdogo wake wakaenda kupimwa kundi la damu. Hela ikawekwa kando, haiguswi hata kwa mchele. Begi likafungwa: kanga nne, pamba, glovu, plastiki, nguo za mtoto, kadi juu kabisa. Shangazi akapata kijana wa bajaji anayelala nyumba ya tatu, akampigia simu saa nane usiku kumjaribu. Kijana aliamka, akaja, akakuta hakuna mgonjwa, akarudi kulala akitukana kimoyomoyo. Shangazi akamlipa hata hivyo.

Wiki ya 37 nikapimwa tena. Kichwa palepale, na maji ya uzazi yalikuwa yamepungua, kwa hiyo habari ya kumgeuza kwa nje ikafa. Wakanipangia upasuaji Jumanne tarehe 20 Julai, wiki ya 39. Shangazi akahesabu kwa vidole, akakuta ni mkesha wa Idi kubwa, akauliza kama daktari hawezi kusogeza kidogo, pilau ya mwaka mzima ile. Na mimi, cha ajabu, hofu ilikuwa imeisha. Mtoto hakuwa amegeuka hata kidole, lakini nilikuwa nalala.

Hakusubiri Jumanne. Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, kama saa saba, nilisikia kitu kinapasuka ndani, mlio mdogo kama wa ubua, kisha joto likanishuka miguuni. Nilikuwa nimeambiwa: chupa ikipasuka usisimame, usiende msalani, lala. Nikaita. Shangazi akaja na tochi, akaniambia nitulie, akaangalia. Kama kitovu kingekuwa kimetoka, tulikuwa tumeelekezwa nipige magoti, kifua chini, matako juu, wala mtu asijaribu kukirudisha ndani, mpaka tufike. Yaani lilelile zoezi langu la tochi na kwaya, sasa lina kazi yake. "Sioni kitu," shangazi akasema. "Maji tu."

Nililala kwenye kiti cha nyuma cha bajaji kwa ubavu wa kushoto, kichwa kwenye mapaja ya shangazi, magoti yamekunjwa, mama mkwe amejibana mbele na dereva, kitu ambacho nina hakika sheria hairuhusu. Kila shimo la barabara nililihisi mpaka kwenye meno. Kuna mahali njiani ziwa linaonekana kwa chini, na mwezi ulikuwa umeshazama, giza. Taa za wavuvi zilikuwa zimejaa mpaka mbali, kama mji mwingine juu ya maji. Nikawaza, kule kijijini muda huu boti zote ziko kazini. Hakuna hata moja gatini.

Dakika 15, labda 20. Nilikuwa nimeshafungua njia sentimita 4. Nikawekewa karatasi ya kutia sahihi mbele, sindano ya mgongo, miguu ikawa ya mtu mwingine. Upasuaji wenyewe siukumbuki sana isipokuwa baridi ya chumba na mtu mmoja aliyekuwa anapiga mluzi taratibu. Kisha kuvutwavutwa, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya gunia, na sauti ya daktari: "Eh! Ameanza na choo." Binti yangu alitoka matako kwanza kama alivyoahidi, na kitu cha kwanza alichoifanyia dunia ni kuichafua. Kilo 2.9. Akalia.

Alipoletwa kifuani, miguu ilikuwa juu bado. Nikiishusha inarudi, vidole vinagusa masikio. Mama mkwe alimfunua akaruka: "Mama yangu! Kitoto hiki ni panzi!" Nesi akamtuliza kwamba ni mazoea ya tumboni, itashuka yenyewe kwa siku chache, asiinyooshe kwa nguvu. Ilishuka. Idi tulikula pilau ya shangazi nikiwa nimeegemea mito, nacheka huku nimeshika mshono.

Kabla ya kuruhusiwa daktari alimkunja binti magoti, akayafungua taratibu kama anayefungua kitabu, akisikiliza nyonga. Watoto waliokaa matako, hasa wa kike, wanaweza kuwa na nyonga iliyolegea, na inatakiwa itazamwe mapema, kisha wiki ya 6 tena. Hilo sikuwa nimelisikia popote, na nimeshamwambia kila mama niliyekutana naye mwenye mtoto wa namna hiyo. Akaniuliza tunambeba vipi. Kabla sijajibu mama mkwe akamtupia mjukuu mgongoni, akainama, akafunga mbeleko, miguu imepanuka huku na huku kiunoni. Daktari akamtazama akasema hivyohivyo, kwa nyonga hakuna namna nzuri zaidi, ilimradi tusimvishe na kumkaza miguu ikiwa imenyooka. Mama mkwe hakusema neno. Alinitazama tu. Mpaka leo, tukipishana juu ya jambo lolote, hata chumvi ya mboga, ananikumbusha kwamba daktari mwenyewe alimsifia mbeleko.

Binti sasa ana miaka minne na anakimbia kuliko wenzake. Siku hizi kuna usafiri wa dharura wa m-mama, unapiga 115 bure, na nimeiandika namba ile kwa chaki nyuma ya mlango wa darasa, watoto wawapelekee mama zao. Mimi mwenyewe nina mimba nyingine, wiki 31. Juzi kliniki nesi alinibonyeza chini ya mbavu, na kabla hajafungua mdomo nikamwambia, "Kichwa bado kiko juu, najua." Akacheka. Nina kovu, kwa hiyo mtoto akae atakavyo, safari ya hospitali yenye chumba cha upasuaji ipo palepale.

Nilipotoka nikampigia shangazi simu, nikamuuliza kama kile chumba cha nyuma bado kina magunia ya mchele.